Unga Mkavu Chini ya Maegesho ya Bi Ziada

Saa mbili asubuhi, Lindi mjini. Stendi imeshachangamka. Bodaboda wanagombea abiria wa basi la Kilwa, wauza vitumbua wanapangusa vikaango, na kila mwenye kazi ameshaishika kazi yake. Isipokuwa mmoja. Juu ya jengo jipya la kuegesha magari, jirani na stendi, fundi mkuu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, hafanyi chochote.

Anaitwa Mwanaima Likwata. Ana miaka arobaini na mmoja, na anangoja umande ukauke.

"Wapita njia wakiniona hivi wanasema, yule mama analipwa kwa kukaa," anasema, na kicheko chake ni cha mtu aliyezoea kusemwa. "Waseme tu. Dawa yangu na maji hawapikiki chungu kimoja. Nikiuwahi umande, nimeiwahi hasara."

Dawa anayoisema ni poliuretani, utomvu wa kiwandani unaokuja kwenye makopo. Ukimwagwa sakafuni unatandaa, kisha unakauka na kuwa kama ngozi ya mpira juu ya zege. Ngozi hiyo ikikaa vizuri, mvua haipenyi wala mafuta ya gari hayazami. Ikikaa vibaya, heri usingeiweka kabisa.

Leo anamalizia nusu ya mwisho ya sakafu ya juu. Ikishakauka, itafurikishwa maji mbele ya watu. Likidondoka tone moja kwenye magari ya chini, Mwanaima halipwi kitu, na atapanda basi kurudi Dar es Salaam alikotoka. Hayo ni makubaliano yake na mwenye jengo, na aliyeyataka ni yeye mwenyewe.

Anainuka, anabandua pembe ya nailoni aliyoigandisha kwenye zege tangu jana. Anaigeuza, anaitazama kwa ndani. Nailoni ikitoka na jasho, zege bado lina maji tumboni na kazi inaahirishwa. Leo imetoka kavu. Anaweka mgongo wa kiganja juu ya sakafu, vile mama anavyompima mtoto homa.

"Imekubali," anawaambia wenzake.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini alikuwa amekaa. Damiani, kijana wa Newala mwenye mabega ya kubebea, anafungua makopo mawili: moja la dawa, moja la kigumishi. Stefania, dada yake, anakoroga kwa mashine. Vikishachanganywa, saa inaanza kukimbia, na hakuna wa kusema subiri nipokee simu.

"Hii ndoa ikishafungwa haina talaka," anasema Stefania bila kuinua macho. "Umechanganya, umemwaga. Ukizubaa inakugandia kwenye ndoo, na ndoo unanunua wewe."

Mwanaima anavaa viatu vyake. Ni soli za chuma zenye misumari mirefu kwa chini, zinafungwa kwa mikanda juu ya buti za mvua. Kwa viatu hivyo anatembea ndani ya dawa mbichi na dawa inajiziba nyuma ya kila msumari kana kwamba hakupita mtu. Anamwaga, anavuta kwa reki ya mpira, anarudi nyuma. Anamwaga tena, anavuta, anarudi nyuma. Damiani, naye kwa viatu vya misumari, yuko mbele yake na rola ya miiba, anatoboa mapovu ya hewa. Stefania anarusha mchanga mkavu kama anayelisha kuku, ili matairi yasije yakateleza mvua ikinyesha.

Mwanaima hageuki kutazama anakokwenda. Anarudi kinyumenyume kutoka ukuta wa mwisho mpaka kwenye mteremko wa kushukia magari, amenyooka kama aliyevutwa kwa kamba. Bodaboda wa stendi, ambao hawana dogo, wameshampa jina: Mama Kinyumenyume.

"Jina zuri tu," anasema. "Mengine niliyopewa Dar siwezi kuyataja mbele ya mama yangu."

Kutembea huko hakukufunzwa na kampuni yoyote. Alikulia Kitomanga, nyumba ya udongo katikati ya mikorosho, na bibi yake mzaa mama alikuwa msiribaji wa sakafu anayealikwa hadi vijiji vya mbali. Alichanganya udongo mwekundu na majivu, akapaka kwa kiganja, akasugua kwa jiwe la mtoni mpaka sakafu ikawa laini ya kulalia bila mkeka. Mwanaima alikuwa mshika ndoo wake.

"Bibi alianzia ukutani akaishia mlangoni, anarudi nyuma hivihivi," anakumbuka. "Siku moja nilianzia mlangoni mimi, kwa ujuaji. Nikajikuta nimebanwa kwenye kona, mbele yote tope. Bibi akaja akachungulia, akasema, haya, lala hukohuko. Akaniacha mpaka ilipokauka. Tangu siku ile, kabla sijashika kazi natazama kwanza mlango uko wapi."

Alipokuwa msichana mkubwa, korosho mwaka ule hazikulipa, akaja Lindi kutafuta kibarua. Kazi aliyoipata ni ile wanayopewa wanawake kwenye ujenzi: kubeba maji na kunywesha zege. Asubuhi maji, jioni maji, kwa elfu saba kwa siku. Baadaye mkandarasi mmoja akamchukua Dar kwenye jengo refu lenye maegesho chini kwa chini, kazi yake kufagia vumbi kabla mafundi wa dawa hawajaingia.

Alifagia, na alipokuwa anafagia alikuwa anatazama. Siku moja fundi akaugua, mwingine akachelewa, na dawa ilikuwa imeshachanganywa. Mwanaima akaweka ufagio chini, akavaa viatu vya misumari visivyo vyake, akarudi nyuma kama alivyofanya bibi. Msimamizi alirudi akakuta sakafu imelala.

"Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Kitomanga. Akasema hakijui hicho chuo."

Alikaa Dar karibu miaka kumi, sakafu kwa sakafu, chini ya ardhi ambako mchana na usiku ni taa zilezile. Hakuwa na njaa. Lakini mama yake, Bi Umi, alikuwa amebaki peke yake Kitomanga na magoti yanayogoma, na kila simu iliishia kwa swali moja: utarudi lini? Mwaka jana akafunga virago. Wenzake walimcheka. Nani Lindi atakulipa kupaka sakafu ya gari? Huko gari zinalala chini ya mkorosho.

Walikosea, ila si sana. Kwa miezi kadhaa hakupata kitu. Kisha akasikia habari za Bi Ziada.

Bi Ziada ni mfanyabiashara wa korosho, mama wa maneno machache na sauti ya kutosha. Alijenga maegesho ya ghorofa moja akidhani ametatua shida ya mji, kumbe amejitafutia yake. Mvua ya kwanza ilipiga, sakafu ya juu ikanywa maji, ikayatema chini yakiwa na chokaa. Magari ya wateja yakatoka na madoa meupe. Gari lake mwenyewe likatoka na madoa kama kanga wa porini. Mafundi wawili walikuja, mmoja akapaka lami, mwingine akapaka kitu ambacho hata yeye hakukijua jina, na maji yakaendelea kushuka.

"Nilimwona huyu anakuja na viatu vya misumari," anasema Bi Ziada. "Nikajisemea, ya Firauni nayaona sasa. Lakini sikuwa na mwingine."

Nusu ya kwanza waliimaliza Jumatano moja, ikalala ya kijivu, sawasawa, haina hata kovu. Wakafunga kamba kwenye mteremko, wakaenda kula na kulala. Akabaki mlinzi wa jengo, Mzee Yassin, mwashi mstaafu ambaye nyumba nyingi za mtaa wa Mtanda zimesimama juu ya misingi ya mikono yake. Hakuna aliyempa maelekezo yoyote, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna la kuelekeza.

Sasa, kila aliyekulia kwenye ujenzi huku kwetu anajua jambo moja: sakafu mpya hunyweshwa maji. Usipoinywesha, jua linaipasua. Mzee Yassin akapanda juu alasiri, akaikuta sakafu ya watu imelala juani, haina gunia bichi juu yake, haina hata ndoo pembeni. Roho ikamuuma.

"Nikasema, watoto hawa wamesahau," anasimulia mwenyewe, amekaa kwenye benchi lake getini. "Binti ametoka mbali, sakafu yake ipasuke na mimi nipo? Nikachota maji. Ndoo kwa ndoo, kwa mgongo huuhuu. Nikainywesha mpaka kwenye kona."

Alifanya kwa mapenzi, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Poliuretani ambayo haijakomaa ikikutana na maji hutoa hewa, na hewa ikitafuta njia huinua sakafu. Alhamisi asubuhi Mwanaima alipanda juu akaikuta kazi yake imeumuka kama donge la maandazi. Malengelenge kila mahali, meupe, mengine ya kujaa kiganja.

"Nililia," anasema. "Siwezi kukuficha. Nilikaa chini palepale nikalia, nikaiona Dar hiyo hapo inaniita."

Alikuwa bado amekaa wakati Mzee Yassin anapanda na birika la chai mkononi, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda wema. "Nimewasaidia kuinywesha, mwanangu," akasema. "Mliisahau."

Damiani akafungua mdomo. Stefania akamkanyaga mguu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mwanaima akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akainuka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona machozi?"

Akamweleza polepole, bila kupandisha sauti, kwamba sakafu hii si zege, kwamba maji ndiyo adui yake mpaka ikomae. Mzee akaweka birika chini. Akatazama malengelenge, akatazama mikono yake. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Mwambieni mama anifukuze."

Bi Ziada hakuhitaji kuambiwa. Alipofika akataka mlinzi aondoke, na fundi aondoke, na sakafu yenyewe kama ingekuwa na miguu ingeondoka pia. Mwanaima ndiye aliyesimama mbele yake.

"Mzee hana kosa, Bi Ziada. Mimi mwenyewe nimenywesha zege miaka, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Nilipaswa kumwambia, sikumwambia. Niachie niibandue, niirudie kwa gharama yangu. Siku ya kujaza maji, likidondoka tone moja huko chini, usinilipe. Nitarudi Dar na nauli sitakudai."

"Tone moja?" akauliza Bi Ziada.

"Moja."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi abaki. Sasa hivi hakuna mtu Lindi nzima anayejua ubaya wa maji kumshinda."

Wakaanza kubandua. Mashine ya kusagia ilipiga kelele siku nzima, vumbi likawafanya wote wafanane. Mzee Yassin alishuka nyumbani kwake, akarudi na tindo yake ya zamani, akapiga magoti kwenye kona ambazo mashine haifiki. Waliposema apumzike aliendelea kugonga. Chai waliyompa ilipoa.

Tangu hapo akawa mlinzi kweli. Hapiti mtu na chupa ya maji. Aliyetaka kutawadha juu aliteremshwa chini kwa heshima zote, na siku moja mzee alionekana anamfukuza kunguru kwa fimbo, eti amemwona ametoka kuoga. Nusu ya kwanza ilirudiwa ikalala salama, na leo, jua likiwa limepanda, Mwanaima anafika mwisho wa nusu ya pili. Anateremka kwenye mteremko kinyumenyume, anavuta reki mara ya mwisho, anavua viatu vya misumari.

"Mlango upo ulipokuwa," anasema, na ndipo anapoomba maji ya kunywa.

Siku ya kujaza maji ilikuja wiki iliyofuata, Jumamosi, na habari zilikuwa zimetangulia. Bodaboda waliacha abiria. Kutoka Kilwa Masoko alikuja Bwana Valentini, meneja wa kampuni ya kusafirisha samaki, mwenye karakana ya malori ambayo sakafu yake, yenye ghala chini yake, imeliwa na maji ya chumvi. Hakusema amekuja kutafuta fundi. Alisema anapita tu, na Lindi haipitwi na mtu aendaye popote kutoka Kilwa Masoko isipokuwa kusini, naye kusini hakwenda.

Bi Ziada alikuwa ameandaa kijana na tochi wa kukagua dari la chini. Bi Umi, mama yake Mwanaima, aliyefika kwa basi la asubuhi na kiroba kichwani licha ya magoti yake, alimtazama kijana yule, akaitazama na tochi yake.

"Jicho lina upendeleo," akasema. "Unga hauna."

Akafungua kiroba. Ulikuwa unga wa makopa, muhogo uliokatwa na kuanikwa juani, umetwangwa na kuchekechwa mpaka ukawa kama poda. Wakatandika mikeka chini, mahali palipokuwa panavuja kuliko pote, na Bi Umi akautandaza unga juu yake kwa mgongo wa upawa ukawa tambarare. Tone likianguka kwenye unga huo linaacha shimo, na shimo halifutiki. Bi Ziada akatazama, akacheka kwa pua, akamwambia kijana azime tochi.

Juu, mitaro na kichwa cha mteremko vilishazibwa kwa matambara na udongo wa mfinyanzi. Boza la maji lilisubiri. Watu wakamtazama Mwanaima awape ishara. Yeye akachota ndoo, akaibeba mpaka alipo Mzee Yassin, akampa kwa mikono miwili.

"Babu," akasema, "sasa ndiyo saa yake."

Mzee hakupokea mara moja. Alimtazama usoni kuhakikisha hatanii. Kisha akaishika ndoo, akasema bismillahi, akamwaga, na maji yakakimbia juu ya sakafu yakakosa pa kuingilia. Mwandishi wa makala haya hakumwona akilia. Aliona tu kwamba aligeukia ukutani akakaa huko kidogo. Boza likafunguliwa, na sakafu nzima ikawa bwawa la kufika vifundo vya miguu.

Ililala hivyo mpaka kesho yake. Jumapili asubuhi wakashuka wote chini, Bi Ziada mbele. Unga ulikuwa mweupe, umetulia kama ulivyoachwa. Wakaanza kupumua. Ndipo Bi Ziada akanyoosha kidole kwenye mkeka wa pembeni.

"Na hivi je?"

Vilikuwa vishimo vidogo, vimefuatana. Mwanaima anasema aliiona tena Dar inamwita. Bwana Valentini akakunja midomo. Hakuna aliyesogea isipokuwa Mzee Yassin, aliyepiga magoti, akavaa miwani, akainamisha uso mpaka pua ikapata unga.

"Maji yana makucha?" akauliza.

Akasogea hatua moja kwa magoti.

"Basi haya si maji." Akafuata vishimo kwa kidole mpaka mwisho wa mkeka, akafuata alama nyeupe kwenye saruji mpaka kwenye nguzo, akainua kichwa. Mjusi alikuwa amejibandika hapo juu, kichwa chini, mkia bado una unga.

Bi Ziada alicheka mpaka akaishika nguzo. Stefania alicheka, bodaboda wakacheka, hata Bwana Valentini aliyekuwa anapita tu. Mwanaima alikuwa wa mwisho kucheka kwa sababu alikuwa bado anatafuta pumzi. Bi Ziada alipotulia alimshika mkono, akatamka mbele ya wote, "Fundi, karibu nyumbani." Bi Umi alipiga kigelegele kilichowaleta hadi wauza vitumbua.

Unga haukutupwa. Bi Umi alichota kando sehemu aliyopita mjusi, uliobaki akausonga ugali. Bi Ziada akaleta changu wa nazi. Maji ya juu yalipofunguliwa na jua likapangusa, walikaa kwenye sakafu yenyewe, katikati ya mistari ya kuegeshea magari, wakala kwa mikono. Mzee Yassin alitengewa kichwa cha samaki.

Kazi kama hii ikienda salama, Mwanaima akishalipa dawa na wenzake, hubakiwa na kama laki sita. Safari hii, kwa kurudia nusu, amebakiwa na kidogo mno. Hajutii. Bwana Valentini hakuondoka Lindi kabla hajapata neno lake, na mwezi ujao Mwanaima anaanza karakana ya Kilwa Masoko.

Anataka kwenda na wanawake wanne wa Kitomanga, wasiribaji wa sakafu, ambao siku hizi hawana kazi kwa kuwa kila mtu anaweka saruji. "Kushika reki nitawafundisha," anasema. "Kurudi nyuma wanajua tangu wadogo." Baadaye anataka kirikuu chake cha kubebea makopo, maana hadi leo mtengeneza maegesho huyu hana gari la kuegesha.

Na mtihani wa Kilwa, je? Malori ni mazito, na bahari ya kule haina huruma. Mwanaima haulizwi mara mbili. Anaonyesha kwa kidevu upande wa barabara ya Kitomanga, aliko mama yake.

"Makopa ya Kilwa," anasema, "mama ameshayaanika."